Mapafu ya Vernon Tackett

Sanamu la mgonjwa, lile la kujifunzia darasani, lilichomolewa umeme Ijumaa, na Jumatatu asubuhi lilikuwa linapumua.

Marlena Stidham alilisikia kwa stetoskopu, kifuani upande wa kushoto. Hakushtuka, alikuwa amechoka mno asiweze hata kushtuka. Miaka kumi alifanya kazi kwenye gari la wagonjwa, akaachika, ana watoto wawili na mama mwenye kisukari. Sasa anasomea usaidizi wa daktari katika chuo cha wilaya yetu, wale wanaokupima na kukuandikia dawa huku daktari mwenyewe humwoni mpaka unakufa. Ulibaki mtihani mmoja. Akifaulu, kliniki inamngoja. Akianguka anarudia mwaka, na huyo hakuwa na nguvu ya kurudia hata wiki.

"Dewey," akamnong'oneza mwenzake. "Hebu sikiliza hili."

Dewey Combs akasikiliza. "Plastiki tupu, dada. Nenda kalale."

"Linakohoa."

"Basi liandikie dawa."

Lakini palikuwa na harufu pia, ya makaa ya mawe yaliyolowa, humo darasani mnamonuka spiriti. Nani hapa kwetu Kentucky asiyeijua? Waume zetu wachimba makaa walituletea harufu hiyo kitandani miaka yote, na sabuni haikuiweza.

Mchana wakapimana wenyewe kwa wenyewe kama kawaida, mmoja anavua shati, mwingine anasikiliza. Marlena akaweka stetoskopu mgongoni kwa Dewey, kijana anayekimbia milima kila alfajiri, akasikia mapafu yakichakarika kama mtu anayekanyaga majani makavu, halafu kikohozi kizito kikipanda kutoka chini sana, chini kuliko kifua cha mtu yeyote kinavyoweza kwenda, na nyuma ya kikohozi sururu ikigonga mwamba, na nyuma ya sururu sauti ya mzee, ya upole kabisa, ikisema: Leo umeweka sikio?

Akamjua.

Miezi miwili nyuma alikuwa kwenye mazoezi, nyumba ya wazee. Chumba cha mwisho, mgonjwa wa kumi na saba: Vernon Tackett, aliyechimba makaa miaka thelathini na moja. Alimkuta amelala. Akamwonea huruma kumwamsha, na akajionea huruma zaidi. Akaandika kwenye faili, *mapafu safi*, na stetoskopu haijatoka shingoni. Mapafu safi! Mchimba makaa! Mtoto wa chekechea angecheka. Siku ya tatu nimonia ikamchukua mzee, na hakuna aliyeuliza.

Marlena akaenda kwa Bibi Ocie Slone, mganga wetu wa maombi, yule anayepuliza moto ukatoka kwenye kidonda cha kuungua, na husimamisha damu ya pua kwa aya ya Biblia, hata kwa simu. Alimkuta anachambua maharage.

"Huyo siwezi kumfukuza, mwanangu," Bibi Ocie akasema. "Hakuungua. Hakusikilizwa."

"Sasa nifanyeje, Bibi?"

"Kaseme ulichofanya, kwa mtu anayeweza kukuumiza ukishasema. Kuniambia mimi ni umbea tu. Kesho kanisa zima litajua."

Na lilijua.

Siku ya mtihani, kitandani alikaa Bwana Estill, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye chuo humwita ajifanye mgonjwa. Mapafu yake mazima, walimu wote wanayajua. Mwalimu Glenna Ratliff, aliyewasimamia pia kule nyumba ya wazee, alisimama na karatasi. Marlena akaweka stetoskopu, na makaa yakaanza kuporomoka masikioni mwake.

"Unasikia nini?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, yule mzee Tackett sikumsikiliza. Niliandika uongo."

Glenna akafunga mlango taratibu. "Punguza sauti. Chini ya jina lako alitia sahihi nani? Unadhani mimi nilimsikiliza?" Akamsogezea kalamu. "Andika safi, mpenzi. Sote tumechoka."

"Mimi nipo hapa, jamani," Bwana Estill akasema, "na nasikia baridi."

Marlena akashika kalamu. Akawaza watoto, akawaza kliniki, akawaza kitanda chake. Kisha akaandika: *Vernon Tackett. Sikumsikiliza. Niliandika uongo.* Akatoka. Kwenye maegesho akajiwekea stetoskopu kifuani mwenyewe, na humo hamkuwa na kitu ila moyo wake, umechoka, unakwenda. Akalala kwenye gari mpaka jioni. Mwaka anaurudia.

Kule ndani Glenna alibaki amalize kipimo, maana fomu lazima ijazwe. Bwana Estill mwenyewe ndiye anayesimulia kwa kinyozi. Stetoskopu ya Mwalimu ilikaa mgongoni kwake muda mrefu, na alipogeuka alimkuta Mwalimu amefumba macho, anaitikia kwa kichwa, anamjibu mtu: "Ndiyo, Vernon. Nimesikia. Nimesikia, basi."

Ameacha kufundisha. Ukimkuta dukani, husimama nyuma yako kwenye foleni, karibu mno, bila salamu, ameinamisha sikio mgongoni kwako.