Meza za Fundi Twiga

Kila nikitoka shule, kazi yangu ni kupiga msasa mbao katika karakana ya baba. Watu huniita Chiriku kwa sababu mdomo wangu haupumziki. Baba ni Fundi Twiga, na ukimwona anavyoinama kupita mlangoni, huna haja ya kuuliza kwa nini. Ni seremala hodari, ila ana mtindo wake. Akitaka kujua urefu wa meza, husimamisha ubao kando ya kiuno chake, akaweka alama kwa penseli, basi. Futi yetu ilikuwa ikila vumbi kwenye msumari.

Siku hiyo baba alikuwa amekasirika. Dada yangu alikuwa nyumbani kwa likizo, na ndiyo kwanza alikuwa amemwambia anachosomea chuoni.

"Masomo ya wanawake na jinsia!" baba alifoka huku akisukuma randa. "Binti wa jirani anasomea uhandisi. Mimi nikiulizwa, nijibu nini? Wanawake si ninaishi nao humu humu ndani? Ukirudi chuoni, badilisha somo. La sivyo, karo utajilipia mwenyewe."

"Baba, naomba unisikilize kwanza," dada alisema, macho yakimlengalenga.

Kabla hajaendelea, mwenyekiti wa soko aliingia akihema. "Fundi, tumekwama! Jengo jipya limekamilika, meza zako zinang'aa, lakini akina mama wamegoma kuhamia. Wamerudi kukaa juani. Wakaidi hao! Wasipohamia, kazi iliyobaki sitaweza kukupa."

"Mmewauliza kwa nini?" dada aliuliza.

Baba na mwenyekiti walitazamana. "Kuwauliza?" mwenyekiti alishangaa.

Dada alifuta macho. "Baba, niachie mimi leo hii tu. Nikishindwa, nitabadilisha somo bila kulalamika."

Dada alilipenda somo lile kupita kiasi. Je, angeshindwa? Nilitupa msasa, nikamfuata mbio hadi sokoni.

Nilidhani atapanda juu ya kreti na kutoa hotuba. Wapi! Aliwaamkia akina mama, akaketi kando ya muuza nyanya na kuanza kumsaidia kupanga mafungu. Huku wakipanga, alimuuliza siku yake inavyokwenda tangu asubuhi. Anafika saa ngapi? Mtoto anamweka wapi? Aliwauliza wanaume pia. Muuza vitunguu mmoja, aliyeitwa Kipande kwa ufupi wake, alitikisa kichwa.

"Hata mimi siwezi mle ndani," alisema. "Nikishapanga vitunguu, wateja wanaona kofia tu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Muuza nyanya naye aliinua kitambaa kilichofunika meza yake kuukuu. Chini yake, ndani ya boksi, mtoto mchanga alikuwa amelala fofofo.

"Zile mpya chini zimezibwa kwa makabati," alisema. "Mwanangu nimfungie kabatini kama sufuria? Na juu nazo, nikitaka nyanya moja lazima ninyooshe mikono kama niliyekamatwa na polisi."

"Sasa mbona hamkusema?" niliropoka.

"Nani alituuliza, mwanangu?"

Dada alinituma nikamwite baba. Alipofika na mwenyekiti, dada hakubishana naye hata kidogo. Alimwomba asimame nyuma ya meza mpya. Ikamkaa sawasawa kiunoni. Kisha akamwomba muuza nyanya asimame palepale. Ikamfika kifuani. Alipoingia Kipande, watu walishindwa kujizuia kucheka.

Baba aliitazama meza, kisha akamtazama Kipande. Nilijua sasa moto utawaka. Ghafla akaangua kicheko kilichojaza jengo zima.

"Lahaula! Kumbe soko zima nimejijengea mwenyewe!"

Vigelegele vilipasuka. Jioni hiyohiyo tulianza kukata miguu ya meza na kung'oa milango ya makabati, akina mama wakija mmoja mmoja kupimwa. Mwenyekiti mwenyewe alishika msumeno, na kazi iliyobaki akamwachia baba.

"Hiki ndicho ninachosomea, baba," dada alisema. "Tunauliza kitu kimetengenezwa kwa kipimo cha nani, na nani amesahauliwa. Iwe meza, hospitali au sheria. Mara nyingi anayesahauliwa ni mwanamke, na wakati mwingine ni mwanamume kama Kipande."

Baba aliweka nyundo chini. "Sikilizeni, wanangu. Nilidhani mkono mzuri unatosha. Kumbe usipowauliza watu, unatengeneza meza nzuri isiyo na mtu. Kujua kuuliza na kusikiliza ni elimu kamili, na leo imeniokoa. Rudi chuoni, mwanangu. Usibadilishe chochote."

Dada alipiga kelele ya furaha, akamrukia baba shingoni. Mimi niliruka juu, nikaangusha fungu zima la nyanya, na hakuna aliyenikaripia.

Wiki iliyofuata dada alirudi chuoni. Mteja mmoja alikuja kuagiza meza ya jikoni. Baba alichukua ubao, akausimamisha kando ya kiuno chake, penseli tayari mkononi. Kisha akasita, akaushusha.

"Hebu ngoja kwanza," alimwambia. "Meza hii ataitumia nani?"

"Mke wangu, mara nyingine mimi."

"Basi njooni wote wawili," baba alisema. "Chiriku! Lete futi!"