Mdomo wa Serafina

Serafina alimshika mwanamume yule ukosi wa koti akamvuta nyuma. Mbele ya kanisa watu walikuwa wamejazana kama soko la Jumamosi, vigelegele juu, kila mmoja akitaka kumwona bibi harusi akishuka ngazi.

"Wewe bwana, sogea! Mgongo wako haumo kwenye ratiba."

Mwanamume akageuka. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya ugoro, mabega yamempita, mikono imemeza vidole. Serafina akamshusha na kumpandisha kwa macho, bila haraka.

"Samahani, dada. Na wewe ni nani hapa?"

"Msimamizi wa video. Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyewaita mje kupiga hiyo video. Naitwa Apolinari. Bibi harusi ni mdogo wangu, Oliva."

Mtu mwingine angeomba radhi. Serafina akasema, "Basi mwenye shughuli ndiye wa kwanza kujua asimame wapi."

Apolinari akacheka, akasogea. Kicheko kile kilimuudhi kuliko kama angetukanwa.

Dharau kwa Serafina ilikuwa kama manukato. Hakutoka nyumbani bila kujipulizia. Alikuwa amekaa Dar miaka miwili, akarudi Ifakara na sketi ya jinzi, miwani ya jua isiyoshuka kichwani, na imani kwamba bonde zima la Kilombero halijui kitu. Tangu mwaka huo wa 1996 uanze alikuwa akiendesha ofisi ya studio ya video pale Mlabani. Tajiri wake, Damiani, alibeba kamera na kitambi. Kazi nyingine zote zilikuwa za Serafina: kupanga tarehe, kupokea wateja, kuandika kwenye ubao kila kazi imefika wapi. Imepigwa. Inahaririwa. Tayari.

Kamera ikiwa inaning'inia kiunoni mwa Damiani, wawili hao walijibanza kivulini kusubiri maandamano.

"Umemwona kaka mtu?" Serafina akasema. "Suti kama turubai la kufunikia magunia ya mpunga. Na yule mama yake! Viatu vipya, visigino bado vina tope la shamba. Watu wa bondeni wakipata vijisenti utawajua."

Damiani akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ya studio ililia. Nyuma ya sauti ya mpigaji misumeno ilikuwa ikinguruma, maana Apolinari alikuwa karani wa kiwanda cha mbao huko Mang'ula.

"Habari za kazi, msimamizi? Mgongo wangu umetoka vizuri?"

"Tutaukata. Kazi imepigwa, inasubiri kuhaririwa. Nipigie Ijumaa ijayo."

"Na nikitaka kupiga Jumatano?"

"Jumatano sina habari."

"Sikutaka habari. Nataka kusikia mtu akinifokea. Hapa kiwandani wote wananiogopa."

"Hao wanaogopa ile suti," alisema Serafina, akakata simu, kisha akashangaa kujikuta anatabasamu peke yake.

Jumanne yake Damiani aliingia ofisini jasho likimtoka. Kitufe cha kamera alikuwa amekibonyeza kinyume siku nzima. Alipodhani anarekodi, kamera ilikuwa imesimama. Alipodhani ameizima na kuining'iniza kiunoni, ilikuwa inarekodi. Serafina aliutia mkanda kwenye deki, sauti chini. Aliona viatu. Viatu vikipita, viatu vikisimama, nyasi, pindo za khanga. Kiapo hakikuwemo, pete haikuwemo. Akauzima kwa kinyaa.

"Mwambie mashine ya kuhariri imepelekwa Dar kutengenezwa," Damiani akasema. "Watu wa Mang'ula hawajui mashine. Watasubiri mpaka wasahau."

Serafina aliona ni kazi kama kazi nyingine. Ijumaa akadanganya. Iliyofuata akadanganya tena, kwa ufundi zaidi. Shida ni kwamba Apolinari sasa alikuwa akipiga hata siku zisizo na habari.

"Sera, umekula?"

"Wewe ni mteja au yaya?"

"Mama anauliza utakuja lini atupikie perege. Nimemwambia huyo dada ana mdomo. Akasema mdomo si ugonjwa."

"Mwambie shikamoo."

"Marahaba yake utaifuata mwenyewe. Na mashine?"

"Bado iko Dar," alisema, akakata simu haraka kabla hajaulizwa jingine.

Ijumaa ya tano misumeno ilinguruma, Apolinari akamwita "mpenzi" kwa mara ya kwanza, na Serafina akashindwa.

"Usiniite hivyo. Hakuna mashine Dar. Damiani aliiharibu harusi yenu. Mkanda una miguu ya watu tu, na mimi nimekudanganya wiki tatu."

Mlango ukafungwa upande wa pili, misumeno ikafifia.

"Ulete," Apolinari akasema mwishowe. "Hivyohivyo ulivyo. Umweleze mama kwa mdomo wako."

Jumapili alipanda basi la asubuhi, mkanda kwenye pochi. Mang'ula milima ya Udzungwa ilikuwa imejifunika ukungu. Oliva alikuwa amekuja kutoka Chita kwa mumewe, televisheni na deki vimeazimwa kwa jirani. Serafina alipiga goti, akamwamkia mama, akasema yote bila kumsingizia Damiani yale yaliyokuwa makosa yake mwenyewe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Haya. Tuone hiyo miguu."

Wakaona. Mara Oliva akaanza kucheka. "Mama, si yale malapa ya shangazi!" Wakawa wanatambua watu kwa viatu, nyumba ikachangamka. Serafina akaanza kupumua.

Ndipo picha ikatulia kwenye sketi ya jinzi, na sauti ikatoka safi, ya mtu aliye karibu kabisa na kamera. *Suti kama turubai la kufunikia magunia ya mpunga. Na yule mama yake! Viatu vipya, visigino bado vina tope la shamba.* Kisha kicheko cha Damiani.

Oliva akazima deki. Serafina hakuthubutu kuinua macho. Aliona visigino vya mama, vimepasuka, vimetulia juu ya mkeka.

"Ile suti," mama akasema taratibu, "ni ya marehemu baba yao. Alitaka amtoe Oliva akiwa ameivaa. Hakuwahi."

Apolinari alimsindikiza mpaka kituoni. Basi lilipokuja akasema, "Uongo ningekusamehe. Ulitumwa. Lakini yale hukutumwa na mtu." Alimtazama kama mtu anavyotazama mbao iliyoliwa na mchwa, akaondoka.

Serafina alilijua jicho lile. Alikuwa amewapa watu wengi; hakuwahi kupewa.

Jumatatu alifuta ubao wote, akausogeza mlangoni ambapo kila mpita njia angeusoma. Akaandika kazi moja moja: ipi imechelewa na kwa nini, ipi haijaguswa. Mstari wa juu uliandikwa: *Harusi ya Oliva, Mang'ula. Imeharibika. Kosa ni letu.*

Damiani aliupiga ubao teke. "Unanianika mbele ya mji?"

"Umejianika mwenyewe. Kamera umeshindwa kuibonyeza, uongo unanipa mimi nikusemee. Ukifuta naandika ukutani kwa rangi."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Halafu wateja uwajibu wewe."

Damiani alitazama foleni ya wateja waliokuwa wakisoma ubao. Walinung'unika, lakini wakabaki, maana angalau leo walijua wamesimama wapi. Damiani hakufuta.

Zilipita wiki sita. Simu ililia mara nyingi, lakini misumeno haikusikika. Serafina alijifunza kuuma ulimi. Mara nyingine alichelewa kuuuma.

Kisha mchana mmoja wa joto aliinua kichwa, akamwona Apolinari amesimama mlangoni, shati la kitenge, vumbi la barabara mpaka nyusi. Alikuwa anasoma ubao.

"Dereva wa magogo aliniambia umeandika. Nikasema mwongo."

"Sasa umeona."

"Nimeona." Akaingia, akakaa bila kukaribishwa. "Mama anasema mtu anayebeba aibu yake mwenyewe mpaka mlangoni kwako, huyo si wa kuachwa njiani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi bado nina hasira."

"Basi rudi zikiisha. Hapa ofisini."

"Haziishi leo wala kesho, nimezipima. Nimeona nikisubiri ziishe utaolewa na mjinga mwingine." Akajifuta uso kwa kiganja, vumbi likageuka michirizi. "Nataka kukuoa nikiwa nazo. Mshenga nimtume kwa nani, kwa mjomba wako au kwa baba mdogo?"

Serafina alifungua kinywa. Jibu kali lilikuwa tayari kabisa pale mbele ya ulimi. Akalitazama, akaliacha lipite. Machozi yakamtangulia.

"Kwa baba mdogo. Mjomba anapenda pombe." Akajifuta. "Lakini nakuja na mdomo wangu, Apolinari. Sina pengine pa kuuacha."

"Njoo nao. Mama ameshauandalia mahali pa kukaa."