Kiden Aliyeitwa Kisakye

"Kisakye," Eseza aliita.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa amekaa karibu na jiko, anachambua maharagwe. Eseza aliita tena. Sasa mtoto aliinua kichwa.

"Naam, mama."

Kila siku ilikuwa hivyo. Jina lilichelewa kumwingia masikioni. Eseza hakupenda kulifikiria jambo hilo.

Eseza na mumewe Semei walitoka Uganda zamani. Eseza anapika matoke na maharagwe katika soko la Konyo Konyo, Juba. Semei anatengeneza jenereta. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu zao wa nyumbani waliwauliza habari ya mtoto mpaka wakachoka. Wengine hata hawakuchoka.

Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua, lori lilishusha watu sokoni. Walikuwa wamekimbia vita. Watu walipotawanyika, msichana mdogo alibaki peke yake. Eseza alimpa uji. Alingoja mtu aje kumchukua. Hakuja mtu. Jioni akaenda naye nyumbani.

"Unaitwa nani?" alimuuliza.

"Kiden."

Eseza hakulijua jina hilo. "Sasa wewe ni Kisakye," alisema. Kwa lugha ya kwao, Kisakye ni neema. Alimpa jina hilo kwa upendo, tusimseme vibaya. Lakini hakwenda polisi. Hakwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Wateja wakiuliza, alisema, "Ni mtoto wa dada yangu."

Krismasi ilikaribia. Semei alikuwa na mpango wake.

"Tumpeleke nyumbani," alisema. "Wazee wampe jina la ukoo. Mtoto akishapewa jina la ukoo, kalas, imekwisha, ni wetu. Nani atauliza tena?"

Eseza alifurahi. Wote wawili waliamini hivyo. Walidhani jina la ukoo linamaliza kila kitu.

Siku moja mchana watu walikuwa wengi kibandani. Mteja mmoja aliitwa Night. Alikuwa mwanamke wa kabila la Kuku la hapa Sudan Kusini, aliyekulia ukimbizini Uganda. Alipenda sana matoke ya Eseza. Upande wa pili wa njia, muuza samaki alimwita binti yake.

"Kiden, taali hini."

Maana yake ni njoo hapa. Binti wa muuza samaki alikwenda. Lakini mtoto wa Eseza naye alisimama papo hapo. Maharagwe yakamwagika.

Night aliacha kula. "Mama, hii mtoto jina yake nani?"

"Kisakye. Mtoto ya dada yangu."

"Mbona amesimama?"

Eseza aliinama kuokota maharagwe. 

Night alisema kwa sauti ya chini. "Dada, sikiliza. Kwetu, Kiden si jina ya mtu yeyote tu. Ni msichana mwenye anazaliwa nyuma ya wavulana. Hii mtoto iko na kaka. Pengine wanamtafuta. Mimi iko nafanya kazi ustawi wa jamii. Kuja ofisini, tuongee. Usiogope."

Mtu akiambiwa asiogope, ndipo huogopa zaidi. Eseza alifunga kibanda mapema.

Semei alisikia habari hiyo akakasirika. "Sisi ni wageni hapa. Watasema tumeiba mtoto. Watamchukua, na sisi watatufunga. Kesho tunapanda basi. Pale Nimule, mpakani, tutasema ni wetu."

Eseza alifunga nguo kwenye begi. Moyo ulikuwa mzito. Je, mtu mwema hukimbia na mtoto? Lakini akibaki, nyumba itakuwa tupu tena. Aliendelea kufunga.

Asubuhi walikwenda kituo cha Custom kupanda basi. Semei alipandisha begi. Mtoto alisimama mlangoni mwa basi, hataki kupanda.

"Twende, Kisakye," alisema Eseza.

"Mama, kaka zangu wakija sokoni, watanikuta wapi?"

Hakuwahi kuwataja hata siku moja.  Mtoto huyu alikuwa akingoja. Wakati wote huo, pale jikoni, alikuwa akingoja.

"Shusha begi," Eseza alimwambia mumewe.

"Eseza, ingia. Basi linaondoka."

"Shusha, baba. Mimi hapana enda."

Semei alimtazama mkewe, akamtazama mtoto. Dereva alipiga honi. Semei alishusha begi. Wakaenda moja kwa moja ofisini kwa Night.

Eseza alieleza yote, tangu lori mpaka basi. Night alisikiliza mpaka mwisho.

"Wazee walisema mficha uchi hazai," alisema Night. Mara akakumbuka anazungumza na nani. "Malesh, samahani, dada. Nimesema vibaya."

"Umesema kweli," Eseza alijibu. Machozi yalimtoka.

"Mtamchukua leo?" Semei aliuliza.

"Kwanza tutakuja kuona nyumba yenu. Tutauliza majirani na kanisa. Mkiwa watu wazuri, mtoto anaweza kukaa na nyinyi wakati tunatafuta watu wake. Tusipowaona, ama wakishindwa kumlea, mnaweza kuomba mahakama. Mahakama ndiyo inasema mtoto ni wa nani. Jina ya ukoo haiwezi. Na nyinyi ni wageni, kwa hiyo wataangalia sana. Kumtoa nchini bila ruhusa ni kosa, hata kama mnampenda."

"Na ndugu zake wakimtaka?" aliuliza Eseza.

Night hakumdanganya. "Wakiweza kumlea vizuri, ataenda nao."

Watu wa ofisi walikuja nyumbani. Waliona mtoto anapolala, wakaongea naye peke yake. Wakamwacha hapo. Jina la Kiden lilitangazwa makanisani na redioni. Eseza naye alianza kumwita Kiden.  Kila boda boda iliposimama karibu na kibanda, alidhani wamekuja kumchukua mtoto. Semei hakula vizuri. Krismasi ikapita wakiwa Juba.

Ndipo Night akawaita.

Ofisini alikuwepo kijana mrefu, dereva wa boda boda kutoka mtaa wa Sherikat. Aliitwa Sebit. Kiden alipomwona alimkimbilia, akamshika kiunoni. Eseza alitazama chini.

"Mama yetu alikufa njiani," Sebit alisema. "Kaka yetu mwingine pia. Mimi ilikuja na lori ya nyuma. Nilitafuta hii mtoto kila mahali. Nilifika mpaka Konyo Konyo. Nikauliza Kiden. Watu wakasema hapa kuna mtoto moja anaitwa Kisakye tu."

Eseza alifunika uso. Mtu huyu alifika karibu na jiko lake. Jina la upendo ndilo lililomfanya aondoke bila dada yake.

"Malesh, mwanangu," alisema. "Mimi ndiyo ilifanya hivyo. Nisamehe."

Sebit alimshika dada yake mkono. Semei alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Sebit, unaweza kumlea?" Night aliuliza.

"Mimi nalala chumba moja na madereva wengine. Hapana mahali ya msichana." Alimtazama dada yake. Alikuwa amenenepa, nywele zake zimesukwa vizuri. "Yeye aseme."

Night aliinama. "Kiden, wewe unataka nini?"



"Nataka kulala kwa mama," mtoto alisema. "Na Sebit aje kula matoke."

Mambo ya mahakama hayakwisha upesi. Ofisi iliendelea kuwatembelea. Sebit alifika mbele ya hakimu, akasema amekubali. Hatimaye hakimu aliamua kwamba Eseza na Semei ni wazazi wa mtoto kisheria. Sebit alibaki kuwa kaka yake, na jina la Kiden halikufutwa. Krismasi iliyofuata walipita Nimule mchana kweupe, wana ruhusa yao mkononi. Wazee walimpa mtoto jina la ukoo. Ni jina la tatu, nalo analipenda pia.

Siku hizi Jumapili boda boda ya Sebit husimama mbele ya nyumba ya Eseza, naye haogopi tena. Eseza huongeza sahani moja, kisha huita mlangoni, mara moja tu.

"Kiden."

"Naam, mama."