Kisigino Hakifiki Huko Chini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, fundi mwashi alipita nyuma ya chumba cha mama mkwe wake. Alipita kwa kunyata. Aliutazama ufa ukutani. Juzi uliingia kidole kimoja. Leo viwili.

Chumba hicho alikijenga yeye. Mara mbili ameuziba ufa kwa saruji. Mara mbili amemwambia mama mkwe, "Mama, ni malori ya barabara mpya. Yanatikisa ardhi."

Mama mkwe akaamini. Akaendelea kulala humo humo.

Mke wa fundi hakuamini. Jumamosi alirudi na jirani yao, mama anayepima udongo kwenye ujenzi wa barabara.

"Fundi, kabla hujajenga ulipima udongo?" jirani aliuliza.

"Nilipima."

"Kwa kifaa gani?"

"Kisigino!" mkewe akadakia. "Anapiga chini mara tatu, basi, kashapima."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi akatazama viatu vyake.

Jirani alitoa fimbo ya chuma. Nchani ilikuwa na mabapa manne, yamekaa kama msalaba. Juu ilikuwa na mkono wa kuzungushia, na mshale wenye namba. Aliisukuma ardhini nusu mita.

"Zungusha wewe, fundi. Polepole. Ukifanya haraka, udongo utakudanganya kuwa una nguvu."

Fundi akazungusha. Udongo ulikaza, kisha ukaachia. Mshale ulibaki kwenye sitini.

"Si unaona? Mgumu huo!" alisema.

"Ngoja kwanza. Twende chini."

Wakafika mita moja. Safari hii mkono ulizunguka kama mwiko kwenye uji. Mshale ukaishia kumi na mbili.

"Juu jua limekausha," jirani alieleza. "Chini ni udongo wa mfinyanzi, laini, umelowa. Kisigino hakifiki huko. Msingi wako ulichimba kiasi gani?"

Fundi alichimba mita moja kamili, akijisifu kwamba kwenda chini ndiyo uimara. Kumbe alitoboa tabaka gumu, akausimamisha ukuta juu ya uji.

"Mama," alisema, macho chini. "Si malori. Ni mimi. Nilijua tangu ufa wa kwanza."

Mama mkwe hakucheka tena. "Na kila jioni unaniambia nilale salama, mwanangu?"

Fundi akaingia chumbani, akaanza kutoa godoro la mama.

Siku hiyo hiyo mama mkwe alihamia kwa binti yake. Chumba kikabomolewa. Jirani alipima sehemu tano za kiwanja, kila moja mpaka chini. Mhandisi wa barabara akazipigia hesabu namba zile, akaelekeza: msingi mpana wa zege lenye nondo, usiotoboa tabaka gumu, kuta nyepesi, paa la bati.

Fundi akakijenga upya hivyo hivyo. Tangu hapo misimu miwili ya mvua imepita. Hakuna ufa. Siku hizi fundi hashiki sepetu kabla udongo haujapimwa. Wenzake humwita Daktari wa Matope, naye huwaacha waseme.

Majuzi mgeni alikisifu chumba, akauliza nani kajenga.

"Mkwe wangu huyu hapa," mama mkwe alisema.

Fundi aliinama haraka, akajifanya anatafuta msumari.