Picha ya Filsan na Pesa ya Robo Mwaka

Maryan aliuza maziwa ya ngamia mjini Garissa. Kila asubuhi, akishaswali alfajiri, alienda kusubiri gari la maziwa kutoka Bura. Mumewe, Billow, alikuwa huko na ngamia. Gari likifika, wanawake walishusha madumu yao ya manjano. Kila mmoja alifungua lake na kunusa. Maziwa yakiwa yamechacha, siku hiyo ni hasara.

Binti yake mkubwa, Filsan, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa ameposwa na kijana wa Modogashe, jina lake Abdinasir. Nikaha ilipangwa iwe baada ya Idd.

Mwezi wa Rajabu Filsan alikohoa. Mama yake akampeleka zahanati moja ya binafsi karibu na soko la mifugo. Muuguzi akamwambia, "Funua uso kidogo. Hii picha ni ya faili."

Filsan akafunua. Alipewa dawa ya kikohozi, akapona. Wakasahau.

Jumatano moja, siku ya mnada wa mifugo, alikuja Saado. Saado ni shangazi yake Abdinasir. Alikuwa ameleta mbuzi sokoni. Maryan alimtandikia mkeka, lakini Saado hakukaa.

"Maryan, mngetuambia mapema."

"Tuwaambie nini, abaayo, dada yangu?"

"Kwamba msichana ana kifua kikuu."

"Subhanallah! Nani amesema?"

"Ukuta umesema. Nenda zahanati uangalie. Uso wa binti yako uko pale, wazi, mkubwa kama mlango. Madereva wa malori wanakunywa chai wakimtazama. Sisi tulidhani tunaposa msichana wa stara."

"Alikohoa tu, wallahi! Wiki moja!"

"Basi mwambie huyo aliyeandika." Saado akavaa viatu vyake na kwenda.

Filsan alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote. Alivaa nikabu yake akatoka, na mama yake akamfuata mbio.

Bango lilikuwa pale kwenye ukuta wa zahanati. Uso ulikuwa wa Filsan. Chini yake paliandikwa: "Nilikuwa na kifua kikuu. Nilitibiwa hapa. Leo mimi ni mzima."

Kifua kikuu si aibu. Ni ugonjwa, una dawa, na mtu akimaliza dawa zake hupona. Hata hivyo uongo ni uongo. Na uso wa mtu ni wake, hata akiwa mgonjwa kweli. Hakuna anayeruhusiwa kuuweka ukutani bila idhini yake.

Mwenye zahanati aliwapokea akicheka. "Mama, binti yako amekuwa maarufu bure. Wengine hulipa!"

"Lishushe," Maryan akasema.

"Lile bango nimelinunua kwa pesa. Nitalishusha likichakaa."

Jioni Maryan akampigia Billow simu. Billow akasema, "Tuwaachie wazee. Watakaa naye, watafanya maslaha ya kupatanisha, atatoa faini, mambo yaishe."

"Faini ataila nani? Wazee watakula, na uso wa mtoto utabaki ukutani."

"Basi wewe unataka nini?"

"Nataka huo uso uteremke ukutani."

Jirani yao Fowsiya alikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya kaunti. Aliposikia habari hii, alikuja na kukaa karibu na Filsan.

"Kuna ofisi ya serikali ya kazi hii," akasema. "Inaitwa Ofisi ya Faragha. Inalinda picha za watu, majina yao, namba zao za simu na habari za ugonjwa wao. Mtu akizitumia bila idhini yako, unamshtaki pale. Kushtaki ni bure."

"Ofisi ya Faragha?" Maryan akasema. "Mimi nawajua hao! Walitufanyia mkutano hotelini. Tulikula pilau."

"Walisema nini?"

"Walisema Kiingereza."

Fowsiya akacheka, lakini Filsan hakucheka.

Asubuhi Maryan, Filsan na Fowsiya wakaenda pamoja. Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani. Afisa alikuwa kijana wa Wajir, jina lake Salah. Aliwasikiliza vizuri. Aliandika maneno ya Filsan, akamsomea kwa Kisomali, akampa nakala. Halafu akaweka kalamu chini.

"Eeddo, shangazi yangu, sitaki kukudanganya," akamwambia Maryan. "Kabla bango halijaamriwa kushushwa, lazima mchunguzi aje kutoka Nairobi. Aone, ahoji zahanati, aandike. Mimi hapa sina uwezo huo. Na pesa ya safari za huku kwetu imekwisha. Tusubiri robo ijayo."

"Robo ya nini? Ya kilo?"

"Robo ya mwaka."

"Nikaha ni baada ya Idd!" Maryan akasema. "Watu wa kijana wanasubiri kuona kama tutasafishwa. Imekwishaje hiyo pesa?"

Salah akatazama dirishani. "Imetumika kwenye mikutano ya uhamasishaji. Garissa hapa. Nyinyi wenyewe mlihudhuria."

Walipofika nje Maryan akamwuliza Fowsiya, "Hii robo ni kitu gani?"

Fowsiya akamweleza polepole.

"Mwaka wa pesa za serikali unaanza Julai. Unagawanywa mara nne, miezi mitatu mitatu. Kila kipande kinaitwa robo. Ofisi inapewa pesa kwa kipande hicho. Robo ikiisha, ofisi inaandika ripoti: tulipewa kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki, kwa kazi hii."

"Inamwandikia nani?"

"Wakubwa wa hazina na wabunge. Lakini pesa ni ya nani, abaayo? Ukinunua sukari unalipa kodi. Ukinunua unga unalipa. Kwa hiyo ripoti ni yako pia. Unaweza kuiomba."

"Mimi? Nitaandika Kiingereza gani?"

"Andika Kiswahili. Hata asiyejua kuandika anasema kwa mdomo, afisa anamwandikia, anampa nakala. Huhitaji kueleza kwa nini unaitaka. Sheria inawapa wiki tatu wakujibu. Wakikataa waseme sababu, na unaweza kukata rufaa."

Robo ilikuwa inaishia mwezi ule. Ilipoisha tu, kabla pesa mpya haijafika, Maryan alirudi kwa Salah. Alisema kwa mdomo, Salah akaandika: "Mimi Maryan, muuza maziwa, naomba kujua pesa ya robo iliyopita ilifanya nini Garissa."

Salah akatabasamu. "Eeddo, wewe ni wa kwanza kuuliza."

"Wengine hawakuuliza kwa sababu hawakuambiwa. Mlitupa pilau."

Idd ilikuja ikapita. Watu wa Modogashe hawakupiga simu. Kisha habari ikafika kwa njia ya dereva wa lori: Abdinasir ameoa msichana mwingine. Filsan alikuwa akikanda unga. Alinawa mikono, akaingia ndani, akafunga mlango. Mama yake alikaa mlangoni hadi magharibi.

"Fungua, mwanangu."

"Sijafa, hooyo. Niache tu."

Wiki iliyofuata jibu la ofisi likaja. Fowsiya alilisoma pale pale wanawake wanaposhushia maziwa, maana wote walitaka kusikia.

"Safari za wachunguzi, Garissa, Wajir na Mandera: sifuri. Mkutano wa uhamasishaji, Garissa: wanawake mia mbili na arobaini. Chakula cha mchana, watu mia mbili na arobaini. Nauli, kila mtu shilingi elfu mbili."

Weris, muuza maziwa mwenzao, akapasua kicheko. "Mia mbili na arobaini? Hoteli ile? Wengine walikaa juu ya paa?"

"Mimi nilipewa mia tano," mwingine akasema. "Hiyo elfu mbili ilipotelea wapi?"

"Wewe Weris ulikula sahani ngapi? Labda wewe peke yako ni hamsini!"

"Mimi? Siku hiyo nilikuwa Bura! Mtoto wangu alikuwa na homa."

Maryan hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Weris," akasema, "jina lako niliandika mimi."

Wanawake wakamgeukia.

Ni desturi yao. Chakula cha msaada kikigawanywa, aliyepo humwandikia jirani aliye mbali na mifugo. Humtilia saini, hubeba fungu lake, hulitunza mpaka arudi. Hiyo ni amana. Hakuna aliyewahi kuila. Siku ile ya mkutano, mwandaaji aliyekodiwa na ofisi, jina lake Nunow, aliijua desturi hiyo vizuri. Naye ni mtoto wa hapo hapo.

"Alipita kwenye meza," Maryan akasema. "Akaniambia, 'Mama, waandike na jirani zako walio malishoni, wasikose.' Nikadhani kuna kitu watagawiwa baadaye. Nikaandika wa mtaa mzima."

"Mimi pia niliandika," mmoja akasema.

"Na mimi. Niliandika hata mama mkwe wangu, marehemu, Mungu amrehemu. Nilisahau amekufa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Filsan alikuwa amesimama nyuma yao. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo pesa ya kushusha uso wangu ililiwa kwa majina yetu wenyewe."

Fowsiya akakunja karatasi. "Maryan, hukuiba. Lakini shika hili, na nyinyi nyote mshike. Kusaini kwenye mkutano wa serikali ni ushahidi. Unasema: mimi nilikuwepo na pesa hii nimepokea. Usimsainie mtu asiyekuwepo. Usisaini mahali ambapo kiasi hakijaandikwa. Hii si kama fungu la mahindi."

"Sasa tufanye nini?"

"Mseme kweli mahali panapohusika."

Walikwenda siku hiyo hiyo, madumu mikononi. Ngazi ilijaa harufu ya maziwa na moshi wa kufukizia madumu. Kila mwanamke alieleza alichokiona, alichopewa na majina aliyoandika. Salah aliandika mpaka mkono ukamwuma. Makao makuu yalituma mkaguzi wa hesabu. Nunow alikuja usiku kwa Maryan na mfuko wa sukari.

"Mama, sisi ni ukoo mmoja. Unaniangamiza."

"Ukoo mmoja, na ulinifanya niandike uongo kwa mkono ninaoshikia msahafu. Chukua sukari yako."

Nunow aliamriwa kurudisha pesa ya watu ambao hawakuwepo. Mchunguzi naye akaja. Alihoji muuguzi, akamhoji mwenye zahanati. Amri ilitoka: bango lishushwe, picha ifutwe, Filsan aombwe radhi kwa maandishi na alipwe fidia. Mwenye zahanati safari hii hakucheka. Alipanda ngazi mwenyewe kulishusha bango, na wanawake wa maziwa wakasimama chini wakimtazama.

Tangu hapo mkutano wowote ukija, wanawake wa maziwa huuliza kwanza: ni pesa ya ofisi gani, ya robo gani, na karatasi inasema nini? Kila mmoja hutia saini yake tu. Na kila robo ikiisha huomba ripoti. Filsan ndiye huwasomea.

Ripoti iliyofuata ilifika siku ya jua kali. Filsan alisoma kwa sauti.

"Safari za wachunguzi, Garissa: moja. Petroli na malazi ya siku mbili. Malalamiko yaliyobaki robo iliyopita: moja. Malalamiko yaliyomalizika: moja."

Akamgeukia mama yake.

"Hooyo, hiyo moja ni mimi?"

"Ni wewe."

Filsan alitazama lile neno, *yaliyomalizika*. Aliweka kidole juu yake, kisha akakiondoa.

"Endelea," Weris akamwambia taratibu. "Mikutano wameandika mingapi?"

Filsan akashuka mstari mmoja, akaendelea kusoma.