Damu Kwenye Masale

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha mbele. Ya pili ikang'oa kioo cha pembeni.

Agnela hakupunguza mwendo.

Land Rover Defender yake ilinguruma kwenye barabara ya Momela huku vumbi la kijivu likitimka nyuma. Mbele yake pikapu ya Toyota iliyumba kama mlevi wa mbege. Jamaa mwenye SMG alikuwa amejibanza nyuma ya pikapu hiyo, anafyatua hovyo tu. Anayefyatua hovyo ana hofu, na Agnela aliwapenda sana watu wenye hofu.

Aliushikilia usukani kwa goti, akatoa bastola yake ya Browning dirishani, akafyatua mara moja.

Tairi likapasuka. Pikapu ikaruka mtaro, ikajibamiza kwenye mti katikati ya kahawa. Yule wa SMG alirushwa juu, akaangukia shingo. Hakuamka tena.

Dereva akatoka akitambaa, panga mkononi. Huyo naye! Panga, mbele ya binti wa Idara ya Usalama! Agnela alimkanyaga kifundo cha mkono mpaka mfupa ukalia, kisha akamwinua kwa ukosi wa shati.

"Jina?"

"Aristides. Dada, nakuomba..."

"Dada yako yuko kwenu. Mzigo uko wapi?"

"Tumeshaushusha. Kituoni kwa Mama Aikaeli. Waliouficha ni wengine, haki ya Mungu, mimi nimeendesha tu!"



Kituo kile kilijulikana kuanzia Kikatiti mpaka Ngaramtoni. Wajane walionyang'anywa mashamba na mashemeji zao, watoto walemavu waliofungiwa ndani na ndugu zao, wote walilala pale na kula pale. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Na asubuhi hiyo kamati ya bunge ilikuwa njiani kukitembelea, kwa sababu ya muswada mpya wa mashirika ya hiari.

Muswada ule ulikuwa na kifungu kimoja kibaya. Waziri akishuku tu kwamba shirika linahatarisha usalama, analifuta, na ardhi yake inachukuliwa siku hiyohiyo bila kesi. Wabunge wengi walikuwa wanakikataa. Lakini hebu mzigo ule wa silaha za kivita ukutwe kituoni, waandishi wa habari wakipiga picha! Kifungu kingepita kwa makofi. Mashirika yangefungwa nchi nzima, wajane na watoto wangetupwa barabarani, na ile chemchemi ya Mama Aikaeli isiyokauka, chini ya Mlima Meru, ingeangukia mikononi mwa Keller aliyekuwa akiimezea mate.

Keller alikuwa mzungu wa hoteli za kitalii. Hiyo ni kwa wasiomjua. Waliomjua walinunua kwake bunduki. Soko huria lilimfungulia mlango, naye akaingia na uchafu wake wote.

Motorola ikakwaruza.

"Kozi, Kozi, hapa Kilele. Toa hali."

Ilikuwa sauti ya Mzee Stanley, mkuu wake pale Arusha mjini, Mchaga mwenzake wa Kibosho. Ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika baba yake.

"Kilele, mmoja amekufa, mmoja nimemfunga. Mzigo uko kituoni. Naenda."

"Hapana. Subiri timu yangu. Na usichimbe kitu pale, unanisikia?"

Agnela akaitazama redio.

Kuchimba? Nani kasema habari ya kuchimba?

"Nimekusikia, mzee," akajibu, akaizima. Ilimuuma kuliko risasi. Akatukana kwa Kichaga, akatia gia.

Mama Aikaeli, Mmeru mnene wa makamo, alikuwa akipanga viti vya wageni uani. Watoto walikuwa wamekaa barazani na magongo yao, wakirudia wimbo wa kuwakaribisha wabunge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari limetobolewa hivyo?"

"Mama, kuna watu wamefukia kitu kwenye ardhi yako. Twende tuzunguke, upesi."

Hawakufika mbali. Mpaka wa shamba ulikuwa umepandwa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo babu yake Mama Aikaeli aliipanda kwa mkono wake. Wameru na Wachaga hawachezi na isale. Ukiling'oa mpakani umemtukana aliyelipanda, na laana umeichukua mwenyewe. Mwenyeji, hata awe mwizi wa namna gani, angefukia kwingine.

Watu wa Keller walitoka mbali. Waliona kivuli na udongo laini, basi.

"Ee Mungu wangu!" Mama Aikaeli alishika kichwa. Masale matatu yalikuwa yameinama, mizizi nje. "Nani kanigusia masale ya babu?"

Agnela alichukua jembe. Pigo la tatu likagonga chuma. SMG zilikuwa zimelala ndani ya magunia ya kahawa, zinang'aa kwa grisi.

"Nilikwambia usichimbe."

Stanley, kumbe hakuwa mjini, alikuwa amesimama kando ya mgomba, bastola mkononi. Keller alikuwa pembeni yake na bunduki ya kuwindia.

"Shikamoo, mzee," alisema Agnela.

"Marahaba," Stanley akajibu. Mazoea hayo! Umekuja kumuua mtu, na bado unamwitikia salamu.

Marahaba ile ndiyo iliyomtosha Agnela. Jembe liliruka, likampasua Keller paji la uso. Bunduki yake ikalipuka kuelekea mbinguni. Kabla hajaishusha, Browning ilikuwa imeshamtia mbili kifuani, na Keller akaanguka chali juu ya magunia yake mwenyewe.

Risasi ya Stanley ilimchana Agnela bega. Yake ikamvunja Stanley goti. Mzee akaporomoka akipiga ukelele, bastola yake ikatumbukia shimoni.

Mama Aikaeli alikuwa amelala kifudifudi, anasali.

Stanley akanyoosha mkono, akachuma isale.

"Agnela, mwanangu," alisema akitweta, amelinyoosha mbele yake. "Nisamehe. Keller alinishika pabaya."

Mama Aikaeli akainua kichwa. "Mwanangu, isale la msamaha halikataliwi."

Ni kweli. Kule Kibosho Agnela aliwahi kuona watu waliouliana ndugu wakinywa mbege kibuyu kimoja kwa sababu ya jani hilo. Machozi yakamlenga. Akashusha bastola, akasogea.

Kisha akaona.

Isale lilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeshuka mpaka kwenye soksi.

Isale hutolewa kwa mikono miwili. Hata mtoto wa Kibosho anajua.

Browning ikanguruma. Kiganja cha Stanley kilichanika pamoja na bastola ndogo iliyokuwa inachomoka. Isale likadondoka, damu ikalirukia.

Agnela aliliokota. Akalifuta kwenye suruali, akalishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Nimelipokea, mzee. Mimi nimekusamehe."

Kisha akamfunga pingu kwenye nguzo ya uzio.

"Jamhuri haijui isale."

Coaster ya wabunge ilipofika, hakuna aliyekaa kwenye viti. Mwenyekiti wa kamati, mama mrefu aliyevaa miwani, alitazama silaha, akaitazama maiti.

"Hii ni nini?"

"Ushahidi wa uongo mlioandaliwa, mheshimiwa. Huyu aliyefungwa ndiye angeukuta mbele yenu."

Mwenyekiti aligeuka barazani. Watoto walikuwa wamekumbatiana, magongo chini, wimbo umewakauka mdomoni.

"Waziri akishuku tu," aliwaambia wenzake polepole. "Leo angewashuku hawa. Mwenye kunyoosha mkono kukipitisha kifungu kile, anyooshee hapa hapa, wakimwona."

Hakuna mkono ulionyooka.

Agnela alilirudisha isale ardhini, kwenye udongo ule ule uliofukiwa silaha, akaukanyaga vizuri.

"Litashika, mama?"

"Isale hushika, mwanangu. Njoo kwanza nikufunge hilo bega."

"Nitafunga mbele ya safari."

Alitembea mpaka kwenye Land Rover bila haraka, damu ikimchuruzika kiwikoni. Barazani mtoto mmoja alianzisha wimbo, wenzake wakamwitikia. Akaiwasha Motorola.

"Makao makuu, hapa Kozi. Kazi imekwisha. Nahitaji mkuu mpya."