Mji wa Mdogo Wangu

Sukari ilikuwa imeisha, nami nilikuwa nimenuna. Kila jioni nikishafunga saluni yangu, watu wa mafumbo hukutana humo: fundi saa, nesi, mume wangu, na siku hizi mdogo wangu. Viti vyangu, chai yangu, na mshindi nilikuwa mimi. Mpaka alipokuja yeye.

Jana yake fundi saa alileta fumbo la kuvusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi mmoja. Bado nahesabu safari vidoleni, mdogo wangu keshajibu. Mume wangu alipiga makofi mpaka chai ikamwagika. Makofi hayo mimi sijapigiwa tangu harusi. Roho iliniuma, sifichi.

Basi nikatoka kwenda dukani, giza likianza kuingia. Kwenye kichochoro nyuma ya saluni nikasikia harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi...

"Kitendawili," sauti ya kike ikanong'ona.

"Tega," nikajibu. Mazoea yana tabu.

Mama mmoja alikuwa ameegemea ukuta, kajifunika uso. "Kipo kwangu, chanila mimi. Chakula chake kiko kwa jirani."

Nikajaribu panya. Nikajaribu moto. Njaa. Akatikisa kichwa.

"Nipe mji."

Ndivyo mchezo ulivyo: ukishindwa unatoa mji, wowote ule, hata usiowahi kufika. Haugharimu kitu. Lakini siku hiyo ulimi wangu ulikuwa na lake.

"Chukua kwa mdogo wangu."

"Na waliomo?"

"Na waliomo."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. "Mkilipata jibu, njooni mliseme mlangoni kwake. Nitatoka."

Nikapepesa macho.

Ukuta mtupu.

Sukari niliinunua, nikarudi saluni mbio. Hatujamaliza hata kumimina chai, mlango ukasukumwa. Mdogo wangu. Peku, kichwa wazi.

"Dada..." alinong'ona. "Mume wangu kaniuliza mimi ni nani. Kuna mwanamke kaketi kitandani kwangu. Wanangu wanamwita mama."

Harufu ya mshumaa iliingia naye.

"Kasema wewe ndiye uliyempa nyumba. Eti alikutega, ukashindwa." Hakunikasirikia hata kidogo, na hilo likaniudhi zaidi. "Alikutega nini, dada? Niambie nikamjibu. Kasema watoto wakishalala tu, ndiyo basi."

Nilifungua mdomo niseme. Haki ya Mungu, nilifungua.

"Mwambie upesi!" mume wangu akadakia. "Huyu hashindwi, huyu!"

Wote walimgeukia mdogo wangu, macho yamejaa matumaini. Hakuna aliyenitazama mimi.

"Nimesahau," nikasema.